Jakuzi la nyumbani: pima pH kabla hujamwaga klorini

Mabibi na mabwana, wenye nyumba na ninyi mnaozitunza, kuanzia Nyali hadi Diani: walionisikia zamani wanajua naanzia wapi. Naanzia Uholanzi.

Februari 1999, mji wa Bovenkarspel ulikuwa na maonyesho ya maua. Humo ukumbini kulikuwa na majakuzi ya kuuza, maji ya moto yakitoa mapovu ili wateja wavutiwe. Yalikuwa ya kutazamwa tu, si ya kuoga. Watu wakapita, wakatazama, wakaenda zao. Siku chache baadaye wakaanza kulazwa kwa homa ya mapafu. Waliougua walizidi 180, na waliofariki ni 32. Wamekufa kwa kupita karibu na jakuzi! Bakteria huyo anaitwa lejionela. Mapovu yakipasuka hurusha vitone vidogo mno hewani, na mtu anavivuta akiwa amesimama kando na nguo zake kavu. Mwaka 2019 yakatokea yale yale kwenye maonyesho huko North Carolina, Marekani, wakafa wanne.

Kila nikisema haya, kuna mtu huniambia: “Mwalimu, hayo ni ya Ulaya. Sisi miaka yote hatujaona mgonjwa.” Utamwonaje? Ugonjwa huu huchukua siku mbili hadi kumi na nne kujitokeza. Mgeni wako ameoga Ijumaa, Jumapili amepanda ndege, homa inamshika akiwa kwao. Wewe umeshatandika shuka za mgeni mwingine.

Mwingine atasema maji yake yanang'aa na klorini inanukia hadi sebuleni. Ndugu yangu, harufu ile kali si ya klorini iliyo tayari kufanya kazi. Ni kloramini, yaani klorini iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo. Ukiisikia, ujue dawa imezidiwa.

Sasa pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, ambayo ndiyo iliyonileta: ikiwa chini, maji yana asidi zaidi. Klorini huua vijidudu ikiwa katika umbo moja maalumu, na pH ndiyo inayoamua ni kiasi gani kitakuwa katika umbo hilo. Kwenye pH 7.5 ni karibu nusu. Ikifika 8, imebaki kama robo au pungufu. Ikifika 8.5, ni kama sehemu moja ya kumi. Na jakuzi hupandisha pH lenyewe, kwa sababu mapovu hufukuza hewa ya ukaa iliyomo majini. Kwa hiyo mtu anamwaga klorini asubuhi, anaongeza jioni, analalamika dawa ni ghali, kumbe angetia asidi kidogo kushusha pH, klorini ile ile ya kwanza ingetosha. Hili linaniudhi, kwa sababu kupima hakuchukui hata dakika mbili.

Chota maji kwa kina cha kiwiko, mbali na matundu ya mapovu. Tia matone ya kupimia, tikisa, linganisha rangi ukiwa kwenye mwanga wa mchana. Ikiwa njano, pH iko chini. Ikielekea wekundu uliokolea, iko juu. Iweke kati ya 7.2 na 7.8. Kisha ndipo upime klorini: isipungue miligramu 3 kwa lita. Pima kabla ya watu kuingia, si wakishatoka, na siku ya wageni wengi rudia. Joto la maji hula klorini upesi kuliko mlivyozoea kwenye bwawa.

Tembe za bwawani msitie humu. Nyingi zina asidi ya sianuriki, ambayo hujilimbikiza na kuipunguza klorini kasi, na haitoki mpaka umwage maji.

Naona naoneshwa saa. Kichujio nilikuwa na mengi ya kusema; kioshwe, basi. Maji ya visima vyetu vya mawe ya matumbawe yana chokaa nyingi, tutayajadili siku nyingine. Joto lisizidi nyuzi 40, na mjamzito amwulize daktari wake kwanza. Lakini hili sishuki jukwaani bila kulisema: msichanganye aina mbili za klorini kwenye ndoo moja, hata iwe ni mabaki tu, kwa sababu huweza kulipuka. Na dawa hutiwa kwenye maji. Maji hayamwagwi juu ya dawa.

Mliokuja na chupa za maji ya kwenu, zileteni hapa mezani tuzipime sasa hivi.