Barazani na Vandals: Big Sky, hundi za Florida na pesa isiyofungwa

BARAKA: Karibuni tena barazani. Mimi Baraka, na upande wa pili yuko dada Salma, ambaye leo amekuja na kikokotoo. Tunazungumzia Chuo Kikuu cha Idaho, timu ya Vandals, mjini Moscow. Si Moscow ya Urusi, wazee. Hii ni ya jimbo la Idaho, mpakani kabisa na Washington, mji mdogo unaoishi kwa chuo na ngano.

SALMA: Na mchezo ni futiboli ya Kimarekani, ya kofia ngumu na mpira wa umbo la yai. Mgeni ashike kitu kimoja tu kabla hatujaingia ndani. Daraja la kwanza la vyuo kwenye mchezo huu limekatwa sehemu mbili. Juu wako FBS, wenye televisheni na mamilioni. Chini yao wako FCS, ambao bingwa wao hupatikana kwa mtoano wa timu 24. Idaho walikuwa juu, wakashuka kwa hiari yao.

BARAKA: Hilo neno "hiari" ndilo linalowachoma mashabiki mpaka leo.

SALMA: Ni hiari ya mtu aliyefungiwa mlango, sawa. Tupitie safari yenyewe. Big Sky ni konferensi, yaani kundi la vyuo vinavyocheza ligi pamoja. Iliundwa 1963 na Idaho ni mmoja wa waasisi. Wakaondoka 1996 kwenda Big West kufuata daraja la juu. Kuanzia 2001 wako Sun Belt, 2005 WAC. WAC ikaacha futiboli baada ya msimu wa 2012, Idaho wakacheza 2013 bila konferensi, kisha 2014 Sun Belt wakawapokea tena, kwa futiboli peke yake. Michezo mingine yote ikarudi Big Sky mwaka huohuo.

BARAKA: Chuo kimoja, konferensi mbili. Wasichana wa mpira wa kikapu wanacheza Montana, wavulana wa futiboli wanapaa hadi Georgia na North Carolina.

SALMA: Na hapo ndipo pesa ilikuwa inavujia. Timu ya futiboli ikisafiri ni watu zaidi ya mia, pamoja na masanduku ya vifaa. Uwanja wa ndege wa pale uko upande wa Washington, unashirikiana na Pullman, na ni mdogo. Huwezi kuwapakia watu mia kwenye ndege za abiria wa kawaida na kutegemea wote wafike pamoja. Unakodi ndege. Big Sky nako kuna safari za ndege, lakini Eastern Washington wako Cheney, kilomita kama 120 tu. Hao unawafuata kwa basi na usiku huohuo umelala kwako.

BARAKA: Machi 2016 Sun Belt wakasema mkataba hauongezwi, Idaho na New Mexico State watoke baada ya msimu wa 2017. Aprili chuo kikatangaza kinarudi Big Sky kwa futiboli kuanzia 2018. Timu ya kwanza kutoka FBS kwenda FCS kwa uamuzi wake tangu madaraja hayo yapewe majina hayo. Na kejeli ya mambo, msimu wa 2016 wakashinda mechi tisa, wakawafunga Colorado State 61 kwa 50 kwenye bakuli la viazi pale Boise. Bakuli ni mechi ya heshima ya kufunga msimu.

SALMA: Bakuli tatu katika historia, zote wameshinda, zote zimechezwa Boise. Shabiki wa Vandals ukimtaja Boise anakunja uso, lakini ndiko alikokula sikukuu.

BARAKA: Haya, nikuulize kama wanavyouliza wao. Southern Utah na Utah Tech wanaingia Big Sky 2026, Sacramento State wanatoka. Delaware na Missouri State wamepanda kwenda Conference USA 2025. Kwa nini Idaho wasipande tena?

SALMA: Anza na kiingilio. Hadi 2023 ombi la kupanda liligharimu dola 5,000. Oktoba mwaka ule NCAA, wasimamizi wa michezo ya vyuo, wakaweka dola milioni 5. Na huwezi kuomba ukiwa peke yako, lazima kwanza konferensi ya juu ikualike kwa maandishi. Kisha miaka miwili ya mpito.

BARAKA: Milioni 5 tajiri mmoja anaweza kuzitoa.

SALMA: Anaweza. Lakini hiyo hulipwa mara moja. Kinachoua ni ya kila mwaka. Kanuni mpya za FBS zinataka chuo kigharamie asilimia 90 ya skolashipu zinazoruhusiwa katika michezo 16, na kwa jumla kitoe skolashipu 210 zenye thamani isiyopungua dola milioni 6 kwa mwaka. Sasa chukua futiboli peke yake. FCS kikomo cha kawaida ni skolashipu 63, na unaruhusiwa kuzikata vipandevipande kwa wachezaji hadi 85. Kocha anampa huyu nusu, yule robo. FBS zilikuwa 85 kamili, kila mchezaji nzima. Tuseme skolashipu moja ni dola 30,000, mfano tu. Sitini na tatu ni milioni 1.89. Themanini na tano ni milioni 2.55.

BARAKA: Tofauti 660,000.

SALMA: Kabla hujagusa upande wa wanawake. Sheria ya shirikisho inataka usawa, kwa hiyo ukiongeza skolashipu 22 za wanaume, bili inayofanana nayo inakusubiri kwa wanawake. Mashabiki wengi hupiga hesabu ya futiboli wakafunga daftari.

BARAKA: Na maamuzi ya mahakama ya Juni 2025 nayo yamechanganya mambo.

SALMA: Yale ya kesi ya House. Chuo kinachojiunga na utaratibu ule kinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kikomo cha mwaka wa kwanza dola milioni 20.5. Ukijiunga, kikomo cha skolashipu kinaondoka, badala yake orodha ya futiboli isizidi watu 105. Usipojiunga unabaki na hesabu ya zamani. Chuo cha ukubwa wa Idaho hakikifikii kikomo hicho hata kwa darubini. Lakini fidia ya dola bilioni 2.8 kwa wachezaji wa zamani inakatwa pia kwenye mgao ambao NCAA huwapa vyuo vyote vya daraja la kwanza, hata vile visivyokuwa na televisheni ya maana. Mgao unapungua hata kama hukuwahi kukosea.

BARAKA: Kwa hiyo tunarudi kwenye harambee. Mashabiki mtandaoni wanasema Idaho wanajua kuchangisha, tazama majengo. Uwanja wa mpira wa kikapu ulifunguliwa 2021, wa mbao, gharama kama dola milioni 51. Idaho Central Credit Union wakatoa milioni 10 na jina lao likawekwa.

SALMA: Kumbuka hiyo ni SACCO. Chama cha akiba na mikopo. Na ukumbi wa futiboli, Kibbie Dome, siku hizi unatanguliwa na jina la SACCO nyingine, P1FCU. Sisi tunadhani SACCO ni ya kununulia bodaboda!

BARAKA: Na Kibbie mwenyewe alikuwa mkandarasi aliyesoma pale, akatoa dola 300,000 ili uwanja uliokuwa wazi uezekwe. Paa likakamilika 1975, tao la mbao lililopewa tuzo ya wahandisi mwaka uliofuata. Siti 16,000.

SALMA: Hizo siti zilikuwa tatizo. FBS zamani ilitaka wastani wa watazamaji 15,000. Kwa ukumbi wa 16,000 maana yake ujaze karibu asilimia 94, Novemba, mji wenyewe ukiwa na watu wachache. Sharti hilo limeondolewa, lakini kwa miaka yote ile liliwakaba.
Sasa jibu langu kuhusu majengo. Pesa ya jengo imefungwa. Mtu akitoa milioni kwa ajili ya paa, mkurugenzi wa michezo hawezi kuchukua hata dola 40 akalipie basi la Cheney. Anayetoa hundi kubwa anataka kuona jina ukutani. Hakuna anayetaka jina lake liandikwe kwenye dizeli.

BARAKA: Mfuko wa wakfu je?

SALMA: Mzuri, ila mashabiki hawajui ukubwa wake. Wakfu hauliwi, unakula faida, kwa kawaida kama asilimia 4 kwa mwaka. Ile skolashipu yetu ya dola 30,000 inahitaji wakfu wa dola 750,000. Mchezaji mmoja. Na masoko yakianguka wakfu ukawa chini ya thamani yake ya mwanzo, malipo yanaweza kupunguzwa au kusimamishwa kabisa, huku mchezaji yuko darasani.

BARAKA: Ndiyo maana unasukuma Vandal Scholarship Fund, mfuko wa skolashipu za wachezaji.

SALMA: Kwa sababu pale pesa haina kamba. Inaingia mwaka huu, inalipa ada mwaka huu. Chukua watu 52, kila mmoja dola 50 kwa mwezi. Jumla 31,200 kwa mwaka. Kadi za benki zikikata asilimia 3 inabaki 30,264. Umemlipia mtu.

BARAKA: Kwa nini 52, si 50?

SALMA: Hamsini wanafika 30,000 barabara, kisha ada ya kadi inakula 900 na umepungukiwa. Kosa la pili ni kadi kuisha muda. Mchangiaji hajakasirika, hajaamua kuacha, kadi yake mpya tu ina tarehe nyingine. Wakikatika watano bila mtu kugundua, umepoteza 3,000 kwa mwaka. Dawa ni kukata moja kwa moja kwenye akaunti ya benki badala ya kadi, na kuwa na mtu mmoja anayepitia orodha ya malipo yaliyokataliwa kila mwezi na kupiga simu. Kupiga simu. Barua pepe za namna hiyo watu huzifuta.

BARAKA: Na minada ya chakula cha jioni? Matawi ya mashabiki yanaipenda sana.

SALMA: Inapendeza, lakini ipige hesabu. Meza 40 za watu 8 ni sahani 320. Sahani dola 60, umeshatumia 19,200 kabla ya kipaza sauti kuwashwa. Halafu kuna zile safari za Hawaii za mnadani. Nyingi ni mali kauli. Kampuni inakupa safari, inaweka bei yake, tuseme 2,800. Ikiuzwa 3,100 ukumbi mzima unapiga makofi na timu imepata 300. Ndama aliyetolewa bure na mfugaji akiuzwa 2,000, zote 2,000 ni za timu. Afadhali vitu kumi vya bure kuliko safari ishirini za kukopa.

BARAKA: Na risiti?

SALMA: Hapo matawi yanakosea kila mwaka. Mtu akilipa zaidi ya dola 75 na akapewa kitu, lazima aandikiwe kitu hicho kina thamani gani. Tiketi ya chakula dola 125, sahani ya 60, anachoweza kutaja kama mchango kwenye kodi ni 65. Mchango wa kuanzia 250 unahitaji barua ya uthibitisho kutoka kwa mpokeaji, hundi iliyopita benki haitoshi. Na lile kubwa zaidi: hadi 2017 uliweza kupunguza kwenye kodi asilimia 80 ya mchango uliokupa haki ya kununua siti nzuri. Tangu 2018 ni sifuri. Bado kuna watu wanaambiana habari ya ile 80.

BARAKA: Basi mwenye kujali kodi atoe mchango usio na siti.

SALMA: Aukatae ule upendeleo wa siti kwa maandishi, tangu mwanzo. Pia aulize mwajiri wake. Kampuni nyingi hulinganisha mchango wa mfanyakazi, dola kwa dola, lakini zinakataa ule unaorudisha tiketi. Na fomu anaijaza mfanyakazi, chuo hakiwezi kumjazia.

BARAKA: Tuje kwenye hundi za ugenini. Mimi naona ndizo zinazoibeba timu. Timu kubwa inakulipa uende ukapigwe kwake.

SALMA: Florida 2014, bwana!

BARAKA: Hiyo lazima isimuliwe. Gainesville, mvua na radi, mechi inacheleweshwa kwa muda wa karibu saa tatu nzima. Mwishowe Florida wanapiga mpira wa kuanzia, Valdez Showers wa Idaho anaurudisha yadi 64. Radi tena. Kanuni inasema usubiri dakika 30 tangu mwanga wa mwisho, na kila ukimulika saa inaanza upya. Mechi ikafutwa. Mchezo mmoja tu, na Florida wakalipa dola 975,000.

SALMA: Kisha wakaenda kuicheza kweli 2018 wakafungwa 63 kwa 10. Hiyo ndiyo bei halisi. Hundi moja si mbaya. Ukizichukua mbili kwa msimu unapoteza mechi mbili, unaumiza wachezaji, na kamati ya mtoano inaangalia ushindi.

BARAKA: Si lazima upoteze. 2024 walikwenda Oregon wakafungwa 24 kwa 14 tu, wiki iliyofuata wakamfunga Wyoming 17 kwa 13 kwake. Wakamaliza na ushindi kumi, robo fainali.

SALMA: Na kocha Jason Eck akachukuliwa na New Mexico Desemba ileile. Ukifanikiwa kwa bei nafuu, jirani tajiri anakuja na kikapu. Ndiyo maana mkataba wa kocha uwe na fidia ya kuvunja, na fidia hiyo iende kwenye mishahara ya wasaidizi, si kwenye rangi ya ukuta.

BARAKA: Mtoano nao una bili yake. Watu wanadhani kuwa mwenyeji ni faida.

SALMA: Unawapa NCAA ahadi ya pesa. Kima cha chini ni dola 30,000 raundi ya kwanza, 40,000 ya pili, 50,000 robo fainali, 60,000 nusu fainali. Na raundi ya kwanza inaangukia Jumamosi ya wikiendi ya Shukrani, wanafunzi wamekwenda kwao. Ukiwa kati ya timu nane za juu unaipumzikia hiyo na kuanzia ya pili, kama Idaho 2023, waliopokea Southern Illinois halafu Albany palepale Kibbie. Kwa hiyo nafasi ya nne na nafasi ya kumi hazitofautiani kwa heshima tu, zinatofautiana kwa daftari la mauzo ya tiketi.

BARAKA: Nimekuelewa. Bado mimi ningependa kuwaona juu.

SALMA: Penda. Lakini kabla ya kumwandikia rais wa chuo, fungua mfuko wa skolashipu uone 63 zimejaa kila mwaka bila kukopa popote. Zikijaa misimu mitano mfululizo, njoo tuzungumze Mountain West, konferensi ya huko juu FBS.

BARAKA: Msikilizaji akipigiwa simu na chuo jioni hii, aulize nini?

SALMA: Aulize pesa inaingia akaunti gani. "Michezo" si jibu. Kama anaandika hundi, ielekezwe kwa University of Idaho Foundation, na ule mstari mdogo wa chini kushoto aandike Vandal Scholarship Fund. Akiuacha wazi, mtu mwingine ataujaza.