Ngome kwa Ngome, Sekunde 11

KAKA: Karibuni tena, wapenzi wa chesi, kutoka hapa Lubumbashi. Dada, jana usiku, nikiwa nyumbani Kamalondo, nilipoteza mchezo wa mtandaoni ambao ubaoni ulikuwa sare tupu, mfalme na ngome kwa kila upande. Tulikuwa na dakika tatu kila mmoja, bila sekunde za nyongeza, zile zinazoongezwa kwenye saa kwa kila hatua. Nilipobakiwa na sekunde 11, mwenzangu alianza kuisogeza ngome yake kushoto na kulia pasipo shabaha yoyote, hadi saa yangu ikafika sifuri huku kidole changu kingali juu ya kioo cha simu.

DADA: Pole sana, kaka. Hata hivyo, alikushinda kihalali. Anayeishiwa na muda hushindwa, isipokuwa kama mpinzani wake hawezi kumtia mati, yaani kumshambulia mfalme asiwe na pa kuponea, kwa hatua zozote halali. Angebaki na mfalme peke yake, mngetoka sare. Lakini ngome yatosha kutia mati. Muda mligawiwa sawa, naye aliutunza kuliko wewe.

KAKA: Hilo nalikubali. Ila mezani, katika mashindano yasiyo na nyongeza, ingawa si ya dakika chache kama mchezo wetu, kanuni za FIDE, shirikisho la chesi duniani, zina mwongozo ambao, ukitangazwa mapema, humruhusu mwenye muda chini ya dakika mbili kumwita mwamuzi na kudai sare, ikiwa mpinzani hafanyi juhudi ya kushinda ubaoni. Mtandaoni nimwite nani?

DADA: Ungeweza kudai sare baada ya hatua 50 bila kete kuliwa wala askari kusogezwa. Lakini hatua 50 ndani ya sekunde 11 ni takribani moja ya tano ya sekunde kwa kila hatua, na mtandao wetu ukikwama mara moja tu, basi.

KAKA: Ndiyo maana naheshimu michezo mirefu. Mwaka 1989, mjini Belgrade, wachezaji Nikolić na Arsović walicheza hatua 269 kwa zaidi ya saa 20, wakaishia sare. Sehemu ya mwisho ilikuwa ngome na askofu dhidi ya ngome, na kanuni ya wakati ule iliruhusu hatua 100, badala ya 50, kwa hali hiyo.

DADA: Mimi huvutiwa zaidi na mchezo wa sita wa kuwania ubingwa wa dunia, Dubai, mwaka 2021. Carlsen alimshinda Nepomniachtchi kwa hatua 136, baada ya karibu saa nane. Mwishoni alikuwa na ngome, farasi na askari wawili dhidi ya malkia, na kuanzia hatua ya 61 kila hatua iliwaongezea sekunde 30. Zile sekunde zilimpa Nepomniachtchi nafasi ya kujitetea, na Carlsen akalazimika kushinda kwa kete, hatua baada ya hatua.

KAKA: Kwa hiyo hata sekunde mbili za nyongeza zingeniokoa jana?

DADA: Naamini hivyo, maana sare ya ngome kwa ngome haihitaji fikra nyingi. Leo jioni tucheze dakika tatu na sekunde mbili. Tuanzie palepale ulipoachia jana, nami nitaichukua ngome ya mpinzani wako.