Ukuta wa Chokaa Haufungwi kwa Saruji

Assalamu alaykum, wazee wangu, mama zangu na vijana. Wengi wenu mnakaa nyumba za kupanga hapa Mji Mkongwe, za Serikali, za wakfu au za watu binafsi. Sina haja ya kukuelezeni kanzu inavyonuka kuvu ikitolewa kabatini baada ya masika. Naingia moja kwa moja kwenye saruji.

Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake nusu mita au zaidi. Chini hakuna nailoni wala lami ya kuzuia maji. Maji yanapanda kutoka ardhini, na ukuta unayatoa kupitia lipu ya chokaa, yenye vitundu vidogo visivyoonekana. Kazi ya lipu ile ni kuupa ukuta pumzi.

Sasa lipu imelainika, inadondoka unga, na mwenye nyumba anataka kazi ya kudumu. Fundi anabandua, anapiga saruji, juu anapaka rangi ya mafuta. Mpangaji mpya anaingia, ukuta unang'aa, analipa kodi ya miezi sita kwa furaha. Lakini maji ya chini hayajaacha kupanda. Yamezibiwa njia, basi yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea: ukuta uliokuwa umeloa hadi magotini sasa umeloa hadi kifuani. Chumvi iliyosafiri na maji inaganda nyuma ya saruji, inavimba, inaisukuma. Gonga kwa kidole utasikia pana uwazi. Kisha ufa, kisha mvua inaingia kwenye ufa.

Najua mtu ataniambia, "Lakini saruji si inazuia maji?" Inazuia, ndiyo: inayazuia yasitoke! Mafundi wana hesabu yao, kwamba ukuta uliolowa hukauka takribani sentimita 2.5 kwa mwezi. Ukuta wa sentimita 50 ni miezi 20, na hapo uwe unapumua. Ukiuvika saruji ndani na nje, utakauka lini? Na mwingine atasema chokaa haidumu. Chokaa imewekwa ichakae yenyewe ili jiwe libaki. Inarudiwa, kama makuti yanavyorudiwa.

Na si kuvu tu. Ncha za boriti zimelala ndani ya ukuta ule ule. Ukuta usiokauka unaozesha boriti kuanzia pale pasipoonekana, mchwa anafuata, sakafu inalegea. Chomeni kisu kwenye boriti karibu na ukuta. Kikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, msilaze watoto chumba cha chini yake, na taarifa itolewe siku hiyo hiyo.

Tengenezo sahihi ni hili. Kwanza zibeni chanzo: mfereji wa bati uliotoboka, bomba la choo cha juu linalovuja, kifusi kilichorundikwa ukutani uchochoroni. Pili, bandueni saruji mpaka sentimita 30 juu ya mstari wa chumvi. Chumvi ipigwe brashi kavu na kuzolewa. Ukiiosha kwa maji unairudisha ndani. Uacheni ukuta wazi ukauke kadiri mnavyoweza kuvumilia. Halafu lipu: chokaa iliyolowekwa vizuri, sehemu moja, kwa mchanga sehemu tatu. Mchanga usiwe wa ufukweni, maana hapo unanunua chumvi upya. Jiwe lirashiwe maji kwanza, tabaka lisizidi sentimita moja, na lifunikwe gunia bichi siku kadhaa, kwa sababu chokaa inayokaushwa na jua inageuka unga. Haraka hapa ndiyo inayoharibu kazi nyingi, kisha lawama inapewa chokaa. Mwisho pakeni chokaa nyepesi, mikono mitatu minne. Chokaa mbichi ni kali, kuvu haipendi kuota juu yake. Rangi ya mafuta msiirudishe.

"Mimi mpangaji tu, nyumba si yangu." Basi kagua kabla ya kulipa: gonga kuta, kwaruza kwa ufunguo pembeni uone kama ni chokaa au saruji, nusa ndani ya makabati. Piga picha, na uandikishe kwenye mkataba nani atatengeneza. Na mwenye nyumba akileta saruji, mwambie matengenezo hapa yanahitaji kibali cha Mamlaka inayohifadhi Mji Mkongwe.

Muda unakwisha, niseme ya haraka. Kabati likae sentimita kumi kutoka ukutani. Nguo mbichi zisianikwe chumbani. Kuvu isifagiliwe kavu, vumbi lake linaingia kifuani, na mwenye pumu atoke kabisa. Ilowesheni, ifuteni kwa kitambaa na maji ya sabuni. Kwenye vigae tumieni Jik, kikombe kimoja kwa lita nne za maji, madirisha wazi, glavu mkononi, na kamwe isichanganywe na siki wala dawa ya choo yenye asidi, hewa yake ni sumu. Na jiko la mkaa msiingize chumbani kukausha ukuta mkafunga mlango. Gesi yake haina harufu, na mtu hulala asiamke.

Maswali.