Soma SAR ya simu yako bila kudanganyika na namba

Karibuni. Leo tunasoma SAR, yaani kasi ambayo kila kilo ya mwili inafyonza nishati ya mawimbi ya redio simu ikiwa hewani. Inahesabiwa kwa wati kwa kilo.

Fungua sehemu ya kupigia, bonyeza nyota, reli, sifuri, saba, reli. Usipige, dirisha linajifungua lenyewe. Limegoma? Ingia Mipangilio, Kuhusu simu, tafuta taarifa za kisheria.

Subirini, kioo kinamulika kamera... nainamisha. Haya. Kichwa 0.98, mwili 1.12. Usikimbilie kulinganisha na simu ya mwenzako! Tazama maandishi madogo pembeni: 1g au 10g? Marekani kikomo ni 1.6, wastani wa gramu 1 ya tishu. Ulaya ni 2.0, wastani wa gramu 10. Ukisambaza kipimo kwenye gramu 10, kilele kinafifia na namba inashuka, simu ikiwa ileile. Kwa hiyo 1g kwa 1g, 10g kwa 10g.

Namba ya mwili ina mtego wake: hupimwa simu ikiwa imeachwa mbali kidogo na mwili, mara nyingi milimita 5. Soma mstari huo. Mkononi, simu ikigusa ngozi, kikomo cha Ulaya ni 4.0; iPhone 12 ilipopimwa Ufaransa mwaka 2023 ilifika 5.74, Apple ikalazimika kusasisha programu.

Sasa sehemu ninayoipenda. SAR hupimwa simu ikirusha kwa nguvu zote, ila mfukoni hupandisha na kushusha nguvu hiyo yenyewe. Kwenye Android fungua Hali ya SIM, soma nguvu ya mawimbi yanayokufikia kutoka mnarani, kwa kipimo cha dBm. Hapa ni -76 dBm. Naingia kwenye lifti... -108. Kumbuka alama ya kutoa: -108 ni dhaifu kuliko -76, na kila tofauti ya 10 ni mara kumi ya nguvu. Mnara ukisikika kwa shida, simu inapaza sauti, yaani inarusha kwa nguvu zaidi. Humu usipige; ukilazimika, weka spika, simu mbali na sikio.

Zile stika za "kuzuia mionzi"? Mimi sibandiki. Ikiziba antena, simu inaongeza nguvu ili isikike. Kama unayo, bandua, simama palepale, subiri dakika moja, kisha soma dBm upya.