Naivasha: Viboko, Maboti na Uzio wa Umeme

SHIRU: Baraka, kabla hujafungua daftari lako la kipindi chetu cha leo, acha nikusimulie ya Jumamosi. Nilimpeleka mama Ziwa Naivasha.

BARAKA: Mama huyu huyu anayeogopa feri ya Likoni?

SHIRU: Huyo huyo, na akapanda boti! Tulipandia ufuo wa Karagita. Kepteni alimvalisha kila mtu jaketi la kuokoa maisha, mama akafungwa mikanda yote. Tulipofika kwenye migunga iliyokufa ikiwa imesimama majini, kepteni akazima injini. Viboko walikuwa mbele. Mara boti nyingine ikaja mbio, muziki juu, ikapita kati yetu na wao. Vichwa vyote vikazama.

BARAKA: Hapo pabaya.

SHIRU: Pabaya sana. Kiboko akionekana, unajua alipo. Akizama anatembea chini kwenye tope, hata dakika 5, na hujui ataibukia wapi. Kepteni alirudi nyuma kwa kasia, kimya kabisa, mpaka maji ya wazi.

BARAKA: Basi orodha yangu ya usalama botini inaanzia hapo. Nina mambo matano. La kwanza, jaketi…

SHIRU: Subiri. Mama aliuliza, "Na usiku hawa wanakwenda wapi?"

BARAKA: Wanatoka kula. Mmoja anamaliza kama kilo 40 za nyasi kwa usiku.

SHIRU: Na nyasi zenyewe ziko kwenye bustani za hoteli na mashamba ya watu. Kiboko ana njia yake, anaifuata usiku baada ya usiku. Siku moja anakuta uzio wa umeme. Unadhani anarudi kulala njaa?

BARAKA: Anazunguka.

SHIRU: Anazunguka mpaka palipo wazi! Na palipo wazi ni Karagita, ni Kamere, pale pale wavuvi wanaposhushia samaki, akina mama wanapofua, ng'ombe wanapokunywa maji. Ufuo karibu wote uko mikononi mwa watu binafsi. Uzio hauondoi hatari, unaihamishia kwa asiye na uzio.

BARAKA: Hapo sikubaliani nawe, dada. Mwenye hoteli ana wageni na watoto wanaokimbia kwenye nyasi saa mbili usiku. Mnyama anaweza kufika tani mbili, tatu. Uzio ni wajibu wake. Mgeni akiuawa, utamwambia mzazi wake kwamba kiboko alikuwa na haki ya njia?

SHIRU: Mvuvi akiuawa, mzazi wake naye aambiwe nini? Sheria ya wanyamapori ya 2013 imeweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa kifo, na familia zinasubiri miaka.

BARAKA: Hilo ni deni la serikali, si la mwenye hoteli.

SHIRU: Aache basi mapito mawili, matatu, aweke askari mwenye tochi wa kuwasindikiza wageni. Wengine wanafanya hivyo.

BARAKA: Askari akichelewa mara moja, mtu amekufa. Mimi nikiwa na ploti pale, nitazungushia.

SHIRU: Nami nikiwa jirani yako nitakushtaki.

BARAKA: Nishtaki. Lakini hujataja jambo moja: ziwa lenyewe limehama. Tangu maji yapande 2020, nyua za zamani ziko chini ya maji. Nguzo na waya huzioni, ukija na injini kasi unapasua boti. Migunga yako ile ilikuwa nchi kavu.

SHIRU: Sasa umeniunga mkono! Walioweka uzio ukingoni wamewaachia makepteni mitego.

BARAKA: Sijakuunga mkono. Nimesema maji yamepanda, sikusema uzio ni kosa.

SHIRU: Ni kosa.

BARAKA: Si kosa. Na dakika zetu zimeisha, fundi wa sauti ananionyesha mkono. Mambo matano hata moja hatujamaliza.

SHIRU: Taja la jaketi.

BARAKA: Vaa kabla hujakanyaga boti, funga mikanda yote, mtoto apewe la saizi yake. Kepteni akikosa la mtoto, msipande. La pili, nendeni asubuhi, mchana upepo unachafua maji. La tatu…

SHIRU: Fundi anazima, Baraka.

BARAKA: La tatu ni wiki ijayo. Na uzio pia.