Minyoo Inayong'aa na Rejista Moja ya Wote

ZAWADI: Karibuni wasikilizaji. Leo tunaye mnyoo wa maabara, Caenorhabditis elegans, urefu wake milimita 1 tu, na rejista ya pamoja ya minyoo hawa waliowekewa alama inayong'aa. Kaka Hamisi, watafiti wanampendea nini?

HAMISI: Mwili wake unapitisha mwanga, dada. Unamtazama kwa hadubini hadi ndani, naye yu hai anatembea. Seli zake zimehesabiwa: mzima mwenye jinsia zote mbili ana seli 959 za mwili, na 302 kati ya hizo ni za neva. Mwanabiolojia Sydney Brenner alimchagua miaka ya 1960, na mwaka 1998 jenomu yake, yaani maandishi yote ya DNA yake, ikawa imesomwa.

ZAWADI: Na jeni za kutengeneza protini zinakaribia 20,000.

HAMISI: Ndiyo, ila kuijua jeni hakukuambii protini yake inakaa wapi. Imo kwenye kiini cha seli au kwenye utando? Inajitokeza yai likiwa changa, au mpaka mnyoo akomae?

ZAWADI: Hapo ndipo ilipoingia protini ya kijani inayong'aa ya konyeza, yule kiumbe laini wa baharini: unaipachika kwenye protini nyingine iwe alama, nawe unaona ilipo.

HAMISI: Naam. Mwaka 1994 Martin Chalfie na wenzake walionyesha neva za mguso za mnyoo huyu ziking'aa kijani. Mwaka 2008 akawa mmoja wa watatu waliopata Tuzo ya Nobeli ya kemia kwa ajili ya protini hiyo.

ZAWADI: Lakini njia ya awali ilidanganya macho.

HAMISI: Mara nyingi. Mnyoo alidungwa DNA ya jeni iliyounganishwa na alama, nakala zikarundikana nje ya kromosomu zake, yaani nyuzi zinazobeba jeni, protini ikatengenezwa kupita kiasi. Ungeona mwanga hata mahali ambapo protini ya asili haipo. Mbinu ya CRISPR, ya kukata na kuhariri DNA mahali unapopachagua, iliyoanza kutumika kwa minyoo hawa mwaka 2013, imewezesha alama kupachikwa ndani ya jeni yenyewe, palepale ilipo. Sasa unachokiona ni protini ya mnyoo mwenyewe, na kwa kawaida kiasi chake ni kile cha asili.

ZAWADI: Kila maabara ikaanza kutengeneza minyoo yake.

HAMISI: Na hilo linaniuma. Mtu anahangaika wiki kadhaa kuiwekea protini alama, kumbe wenzake walishaiweka, ila habari imezama kwenye jedwali la nyongeza la makala inayozungumzia jambo lingine. Ndiyo maana nashangilia hifadhidata ya pamoja, ile rejista moja ya wote. Unaandika jina la jeni, unaona nani ameshaiwekea alama, ya rangi gani, upande upi wa protini, na mnyoo unamwagiza wapi. Minyoo hawa hugandishwa wakiwa hai, wakayeyushwa baadaye na kuendelea kuzaa. Kituo kilichoko Chuo Kikuu cha Minnesota huwatunza na kuwatuma kwa maabara za nchi nyingi.

ZAWADI: Umesema upande upi. Kuna tofauti gani?

HAMISI: Kubwa sana! Protini ni mnyororo wa vipande vidogo viitwavyo asidi amino, na ile ya kijani ina 238, ni mzigo. Protini nyingi zinazokwenda kwenye mitokondria, vile viwanda vya nishati vya seli, huongozwa na kipande cha mwanzoni. Ukipachika alama mbele ya kipande hicho, huenda protini isifike. Tena jeni moja inaweza kutoa protini za maumbo tofauti, na alama ya mwishoni ikakosa baadhi yake. Kwa hiyo jina la jeni halitoshi. Nataka kuona imeandikwa: mnyoo huyu anataga kama kawaida? Anatembea vizuri?

ZAWADI: Na majaribio yaliyoshindikana je?

HAMISI: Hayo nayataka kuliko yote, dada. Viinitete, yaani minyoo wachanga walio bado ndani ya yai, vikifa, mara nyingi mtafiti hunyamaza na kuendelea na jeni nyingine. Mstari mmoja unatosha: "Alama mwishoni, viinitete vinakufa." Anayefuata ataanza upande wa pili, au atatumia kile kipande kidogo cha asidi amino 16 ambacho hung'aa kikikutana na sehemu iliyobaki ya protini ya kijani ndani ya seli.

ZAWADI: Basi, mliopo maabara, ingizeni na hayo kwenye rejista.