Tukutane kwa Tai: Ndani ya Jengo la Wanamaker, Philadelphia

Habari zenu ndugu zangu huko nyumbani, karibuni Philadelphia! Jengo mnaloliona nyuma yangu, hili la ghorofa 12 linalotazamana na ukumbi wa jiji, ni jengo la Wanamaker. Alilichora Daniel Burnham wa Chicago, na Desemba 30, 1911, rais wa Marekani William Howard Taft alikuja mwenyewe kulizindua. Rais, jamani, kuja kuzindua duka!

John Wanamaker, mwenye duka hilo, alikuwa miongoni mwa wafanyabiashara wa kwanza Marekani kubandika bei kwenye bidhaa, bei moja kwa tajiri na maskini. Kitu kisipokuridhisha, unakirudisha na unapewa hela yako.

Sasa tazameni hii, niliirekodi ndani kabla kampuni ya maduka ya Macy's haijafunga duka lake hapa Machi 2025. Ukumbi huu uko wazi kwenda juu hadi ghorofa ya 7. Huyu tai wa shaba ana uzito wa zaidi ya tani moja. Ngoja nimsogeze karibu: mnaona manyoya? Kila unyoya umetengenezwa peke yake. Watu wa hapa wakiahidiana mjini husema tu, "Tukutane kwa tai."

Haya, inueni macho. Yale mabomba ya rangi ya dhahabu ni ya kinanda, na mengi zaidi yamejificha nyuma ya kuta. Kinanda na tai vyote vilitoka kwenye maonyesho ya dunia ya St. Louis ya 1904. Kinanda kililetwa kwa mabehewa 13 ya treni, kikiwa na mabomba kama 10,000, lakini sauti yake ikamezwa na ukumbi. Duka likafungua karakana yake huko juu, likakiongeza mpaka kikafika mabomba zaidi ya 28,000. Mpigaji hukaa mbele ya safu 6 za vibonye!

Kilikuwa kikipigwa mara mbili kwa siku, Jumatatu hadi Jumamosi, bure kabisa. Mtu amekuja kununua soksi, anasimama na mfuko mkononi, anasikiliza muziki ambao kwingine angeukatia tiketi. Hilo ndilo linalonigusa. Kwa hiyo naomba kwa moyo wote: wenye jengo huko juu wajenge nyumba, waweke ofisi, sawa, lakini ukumbi huu na kinanda chake vibaki wazi kwa kila mtu, bila kiingilio.

Nitaendelea kufuatilia. Kikirudi kupigwa kila siku, nitakuja na kamera.